Nakala ya Waridi

Tarehe 2 Juni

Na hapo uliposema eti mapenzi yamenitia upofu, dada, hapo umenionea. Macho ninayo mawili na yote yanamtazama yeye! Leo wiki ya tano tangu nivae shela, na bado akifika mlangoni natoka jikoni mbio, mwiko mkononi, kama mtu aliyesikia moto.

Mlango wenyewe hauna ufunguo. Unamjua kwa saa yake ya mkononi. Akibakisha hatua tatu, kitasa kinalia tii, taa zinawaka, na spika inaanza ule wimbo tuliochezea siku ya harusi. Kila kitu humu ndani ni cha Duara, kuanzia simu mpaka kitasa, na vyote vinajuana. Mume wangu anasema ndiyo sifa ya kampuni yao: ukinunua kimoja, kinakuitia wenzake. Simu zenu za Pembe, mahasimu wao, hata kusalimiana na zetu hazitaki. Picha ya harusi niliyokutumia ilikufikia ndogo kama stempu, ukaniuliza yule wa kushoto ni bwana harusi au ni nguzo ya ukumbi. Mrefu alicheka mpaka akakaa chini! (Ndivyo wanavyomwita dukani, Mrefu, na mimi nimelipenda jina hilo kuliko la kwenye cheti.) Basi nimerudi kwenye kalamu. Tena akaunti yetu ya nyumbani ilifunguliwa na duka, na Mrefu ananionya nisiandike humo mambo ya ndani, maana dukani wakitaka kusoma wanasoma.

Sasa sikia habari. Tarehe kumi na nane Duara wanazindua vifaa vipya wanavyoviita Familia Moja, na Meneja ametuchagua sisi wawili tuwe maharusi wa maonyesho! Mimi nitapiga picha ya shada la maua, na papo hapo picha itatokea kwenye kila skrini dukani, arobaini na kitu. Meneja ameiunganisha akaunti yetu na vifaa vyote ili wakubwa kutoka makao makuu waone alivyo hodari. Mrefu ndiye mpanga maonyesho, kwa hiyo atasimama karibu yangu, na shati nimeshampigia pasi mara mbili.

Wewe ulikaa kaunta ya ufundi pale miaka kumi na mmoja. Njoo ututazame, hata kama uligombana na Meneja ukaondoka. Harusini hukuja. Uliniambia mafua. Dada, mafua gani ya siku moja?

Mdogo wako mwenye furaha,
Kitinda

*

Tarehe 6 Juni

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka.

Sikugombana na mtu nikaondoka. Nilifukuzwa kama mwizi. Nyumbani sikusema kwa sababu wewe ulikuwa unaingia kwenye mtihani na mama alikuwa mgonjwa, na baadaye ule uongo ukawa umeshazoea kukaa.

Ilikuwa hivi, miaka miwili iliyopita. Alikuja mama mmoja mshonaji. Mwanawe alimpa zawadi ya simu ya Pembe, na kwenye simu yake ya zamani ya Duara alikuwa na sauti za marehemu mumewe, jumbe mia na zaidi, nyingine ni mtu anauliza tu chumvi iko wapi. Alitaka zihamie naye. Unajua sheria ya duka: anayetoka Pembe kuja Duara tunamhamishia kila kitu na kumpa tabasamu. Anayetoka Duara kwenda Pembe tunamwambia haiwezekani. Inawezekana. Mimi nilikuwa naiweza kwa nusu saa. Yule mama alijaza fomu ya ruhusa, akatia sahihi, nikamhamishia.

Makao makuu huhesabu kila mteja anayevuka kwenda Pembe, na Meneja alikuwa anaiwinda tuzo ya tawi bora. Akakasirika, akaandika kwamba nilinakili picha za mteja bila ruhusa yake. Ile fomu ikayeyuka. Begi langu likamwagwa sakafuni mbele ya wateja, bisibisi zangu, leso, hata mswaki. Mlinzi aliyekuwa akiniita mama ndiye aliyelipekua.

Tangu hapo nina meza kwenye ujia wa jengo, kati ya muuza miwani na mpiga picha za pasipoti. Sasa karakana kuu ya Pembe ya huku inataka fundi mkuu. Msimamizi amenijaribu kwa simu sita zilizokufa, zote zikafufuka. Halafu akauliza Duara habari zangu, wakamtumia ile karatasi ya mashtaka. Huyo msimamizi, mama wa watu, amenipa mpaka tarehe ishirini nijisafishe. Baada ya hapo anamchukua mwingine.

Karatasi ina sahihi mbili. Ya Meneja naijua. Ya pili ni ya shahidi anayedai aliniona kwa macho yake: herufi moja kubwa, na mkia mrefu unaorudi nyuma kuikata katikati. Mumeo alikuwa dukani siku hiyo. Muulize ni ya nani.

Na usinionee huruma, sina pa kuiweka. Ninachotaka ni Meneja asimame mbele za watu kama nilivyosimama mimi, na kila mtu awe anamtazama.

Bisibisi

*

Tarehe 9 Juni

Dada yangu, dada yangu, dada yangu.

Sikumuuliza kwanza. Nilikwenda kabatini nikatoa cheti cha ndoa. Mkia ule upo, unarudi nyuma, unaikata herufi katikati. Niliubusu mkia ule siku ya harusi, dada. Niliubusu mbele ya mashahidi!

Alikuwa mezani anakunywa uji. Nikaweka cheti karibu na bakuli.

"Huu mkia umeuweka wapi pengine?"

Akacheka. "Kwenye mahudhurio, kwenye risiti. Kwani vipi, mpenzi?"

"Na kwenye karatasi ya dada yangu?"

Kijiko hakikufika mdomoni.

"Nilikuwa na miezi mitatu kazini," akasema. "Meneja aliniwekea karatasi na kalamu. Akaniambia nichague, natoka naye au nabaki nao."

"Ulimwona dada akiiba?"

"Nilimwona akimvutia yule mama kiti."

"Na ulipokuja kunichumbia, ulijua ni dada yangu?"

"Nilijua siku ya kujitambulisha. Picha yake ipo ukutani kwenu. Nikasema nitakueleza kesho." Akafuta mdomo ingawa ulikuwa mkavu. "Kesho zikawa nyingi."

Nililia, nikamtupia taulo, nikalia tena. Nikamwambia asiniguse, halafu nikamwuliza kwa nini hanigusi. Bado nampenda, dada, usinichoke. Nampenda mpaka kucha. Ila sasa nampenda nikiwa nimekunja ngumi.

Nikamwambia: tafuta ile fomu. Akasema haipo, Meneja mwenyewe aliichana. Halafu akaweka bakuli chini taratibu, akasema, "Aliichana ya njano."

Wewe unajua, lakini mimi nilikuwa sijui. Fomu ina nakala tatu. Nyeupe anachukua mteja, na yule mama alishahamia nchi ya mbali kwa mwanawe. Njano ni ya duka. Ya waridi haitoki kitabuni, ni ya makao makuu, na kurasa zake zina namba. Meneja hakuthubutu kuichana ya waridi, akataka kukificha kitabu kizima, hakukiona, akatangaza kwamba kimepotea kwenye usafi. Na kweli hakujua kilipokwenda, maana alikuwa amekitafuta kila mahali ila dirishani.

Mrefu ndiye anayepamba dirisha la duka. Akitaka simu mpya zikae juu, moja juu ya nyingine kama ngazi, anapanga vitabu vya fomu vilivyojaa, halafu anafunika kwa mahameli nyeusi. Miaka yote miwili! Jana asubuhi alipokuwa anafuta vumbi akainua kitambaa. Kitabu cha nne kutoka chini, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Juu yake ilikuwa imekaa simu ya bei kuliko zote dukani.

Nimeisoma mwenyewe. "Naruhusu fundi ahamishe sauti zote na picha zote kwenda kwenye simu yangu mpya ya Pembe." Sahihi ya yule mama, sahihi yako, na pembeni, dada, shika kiti: muhuri wa Meneja. Aligonga muhuri siku ile ile bila kusoma, kama anavyogonga zote.

Ningeweza kukutumia ukurasa huu kesho ukampelekea msimamizi wako, ukapata kazi, yakaisha. Lakini mimi sitaki yaishe hivyo. Begi lako lilimwagwa mbele za watu. Basi tarehe kumi na nane watu watakuwepo, na Meneja amenikabidhi simu kwa mkono wake. Shada la maua watalishika wao. Mimi nitapiga picha nyingine.

Mdogo wako, mwenye hasira tamu,
Kitinda

*

Tarehe 12 Juni

Kitinda,

Nilijua.

Kadi ya mwaliko mliitia sahihi wote wawili, ya kwako na maua yake, ya kwake na mkia wake. Niliitazama kadi ile siku nzima mezani pangu mpaka mpiga picha akaniuliza nani kafariki. Ningekuja harusini ningemtemea mate mbele ya mama. Ningekwambia kabla, ungeiacha ndoa kwa ajili yangu, kisha ungenichukia kila ukiona shela ya mtu. Nikachagua mafua.

Kwenye barua iliyopita nilikuuliza kama mtu asiyejua. Nilitaka kuona utaniletea jibu au utamfichia. Umeleta. Sikutegemea.

Sasa nisikilize. Nakutumia nakala ya karatasi ya mashtaka. Mpango wako ni mzuri, na mimi nilidhani umebaki mtoto. Lakini picha ikipigwa nataka karatasi zote mbili ndani yake, fomu na mashtaka, zikiwa kando kwa kando na sahihi zote chini. Za wote wawili. Usiniambie alikuwa mgeni kazini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, na siku hiyo hiyo sikuwa na kazi tena. Ukiikunja karatasi chini ili mkia ule usionekane, nitajua. Duara wana sifa moja ya kweli, picha zao zinasomeka.

Najua atafukuzwa. Najua ni nyumba yako na chakula chako. Kama huwezi, nitumie ukurasa kimya kimya, nitapata kazi yangu, na wewe na mimi tutasalimiana kwenye misiba.

Fikiria mwenyewe. Sitakusukuma tena.

Bisibisi

*

Tarehe 14 Juni

Kwa Shemeji,

Salamu sana. Mimi si mwandishi, kazi yangu ni kupanga vitu vikae vizuri.

Mke wangu alikaa na barua yako siku nzima hajaniambia. Alipika, akaunguza, akapika tena. Nikaichukua mezani nikasoma. Alisema, "Hukuruhusiwa." Nikasema ni kweli.

Amenieleza kwamba anaweza kuikunja. Alikuwa tayari kuikunja, shemeji, na alikuwa analia kwa sababu yako. Nimemwambia asiikunje. Nimejaribu karatasi mbili juu ya ubao mweusi, mwanga ukitokea kushoto, zinasomeka hata ukisimama mlangoni. Sahihi yangu inasomeka kuliko ya Meneja.

Niliona ulivyokusanya bisibisi zako sakafuni. Moja ilibingirika ikaja mguuni kwangu. Sikuinama.

Naomba radhi.

Shemeji yako,
Mrefu

*

Tarehe 18 Juni

Kitinda,

Kabla hujaniandikia, nikuandikie nilivyoona huku.

Ndiyo, huku. Asubuhi nilifunga meza nikaenda kusimama nje ya duka la Duara la mji huu. Sikutegemea kuona kitu, nilitaka tu kukasirika nikiwa karibu nao. Dirishani wana runinga kubwa. Saa tano na dakika chache akatokea Meneja kwenye runinga, tai nyekundu, anapunga mkono. Kumbe bwana mkubwa hakutosheka na skrini za duka lake. Ili asifiwe zaidi aliunganisha matawi yote kwenye akaunti yenu. Hilo mlikuwa hamlijui, wala mimi.

Halafu ikaja picha yako.

Mwanangu, ilijaa dirisha zima. Karatasi mbili kando kwa kando. Runinga, simu za mezani, hata saa ndogo za mkononi zilizopangwa kwenye kioo, kila moja na karatasi zangu. Watu wakasimama. Kijana mmoja akaanza kumsomea mama yake kwa sauti, "bila ruhusa ya mteja," halafu, "naruhusu fundi," halafu akasema, "Ah! Sasa huyu si mwongo huyu?" Mama yake akasema, "Muhuri huo hapo, tena umenyooka."

Ndani wauzaji walikimbizana. Wakifuta picha kwenye simu moja, nyingine zinairudisha, maana ndivyo walivyozifundisha, kisipotee kitu. Mmoja akafunika runinga kwa kitambaa cha meza. Kitambaa kikaanguka. Nilicheka mpaka mlinzi wao akaniuliza kama nahitaji maji.

Nilikwenda kumwita msimamizi wa Pembe, akaja na miwani yake mkononi, akasoma yote, ya kwanza na ya pili. Akasema, "Jumatatu saa mbili." Basi. Kitinda, nina kazi. Nina koti la bluu lenye mifuko sita.

Mchana watu wa matangazo wa Pembe wakanifuata. Wanataka sura yangu kwenye bango, na maneno "Aliikimbia Duara." Walikuwa na furaha kama wao ndio waliomwagiwa begi. Nimewaambia nimekuja kutengeneza simu, wakitaka bango wamtafute mwigizaji. Hawa nao nikigeuka watanihesabu kama wale. Mteja wa kwanza akija kutaka kuhamia Duara nitamhamishia, na nimemwambia msimamizi hivyo kabla sijatia sahihi. Alinitazama sana. Akasema tutaona.

Sasa mumeo. Barua yake nimeisoma, na picha nimeiona, mkia haukukunjwa. Lakini radhi ya karatasi siipokei. Yeye ameshanifanyia ya kutosha kwa kalamu. Kama ana neno, mdomo anao.

Bisibisi

*

Tarehe 22 Juni

Dada wa mimi, fundi mkuu wa mimi!

Koti la bluu! Mifuko sita! Nimeruka mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Ya huku sasa. Nilivaa gauni la njano. Meneja alinishika bega akasema kwenye kipaza sauti, "Bibi harusi wetu, tuonyeshe mapenzi!" Niliweka ubao wenye zile karatasi mbili juu ya maua, nikabofya. Kwanza watu walipiga makofi! Walipiga makofi kwa mazoea, halafu wakaanza kusoma, na makofi yakapungua moja moja kama mvua inayokatika.

Meneja aligeuka. Ile rangi iliyomtoka usoni sijui ilikwenda wapi, na mimi niliitazama yote ikienda, sikupepesa.

"Zima! Mrefu, zima!"

Mume wangu, yule niliyemtupia taulo, akakunja mikono. "Nazima vipi, Meneja? Wateja hawajamaliza kusoma."

"Nimesema zima!"

"Ngoja niwasaidie wasioona vizuri." Akasogea kwenye skrini kubwa, akaweka kidole. "Hii ni sahihi ya Meneja. Hii yenye mkia ni yangu. Yule fundi hakuiba kitu. Mimi niliongopa, na Meneja ndiye aliyeniandikia uongo wa kusema."

Ningeolewa naye tena pale pale, dada! Na pale pale ningempiga, kwa miaka miwili aliyoikalia sentensi hiyo fupi.

Mama mmoja, mkubwa wa makao makuu, aliinuka kiti cha mbele, akauliza kwa sauti ya chini, "Huu muhuri ni wako?" Meneja akasema huenda uliibiwa. Yule mama akauliza tena, "Na kitabu kilichopotea kilikuwa wapi?" Mrefu akaenda dirishani, akavuta mahameli, simu tatu za bei zikaporomoka, akarudi na kitabu. Ukumbi mzima ukasema ooo! Meneja alisimamishwa kazi kabla keki haijakatwa. Akitoka, mlinzi akamwambia utaratibu ni utaratibu, afungue mkoba. Alikuwa na tuzo ya tawi bora ndani, amekuja nayo kuwaonyesha wageni. Nilisimama karibu nikahesabu kila kitu kilichotoka, kwa niaba yako, mpaka chanuo. Watu wakisema nina roho mbaya, waseme. Nimelala kama mtoto mchanga.

Mrefu naye amefukuzwa, kama ulivyosema. Juzi walikuja vijana wawili wakachukua simu, saa, spika, runinga, wakang'oa hata kitasa. Mlangoni kuna tundu ambalo paka wa jirani anachungulia. Tumenunua kufuli. Mrefu anapamba sasa dirisha la muuza viatu, siku tatu kwa wiki, na viatu vimependeza kuliko simu. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni asubuhi. Usituhurumie, tuna furaha, tunagombana vizuri na tunapatana vizuri.

Nilimsomea ulichoandika kuhusu mdomo. Akasema, "Ana haki." Tangu siku hiyo anajaribu kusema mbele ya kioo cha bafuni. Anaanza vizuri, akifika kwenye ile bisibisi iliyobingirika anakwama, anafungua bomba ili nisisikie. Nasikia. Simsaidii, dada. Maneno hayo ni yako, ayatafute mwenyewe.

Tumeshakata tiketi. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, mimi nyuma, yeye mbele. Nitamleta akiwa mzima. Atakavyorudi ni juu yako.

Kitinda